Bei ya Saa za Kompyuta Iwe Mtumishi, Isiwe Bwana

Katika soko la samaki la Kivukoni, maarufu kwa jina la Feri, mnada huanza mapema asubuhi kwa sababu samaki hawangoji kesho. Dalali hutaja bei, wanunuzi hupandishiana, na siku ambayo vyombo vimerudi vimejaa, bei huporomoka mpaka hata mama lishe mwenye mtaji mdogo akaondoka na ndoo yake. Kariakoo nako, fungu la nyanya lililokuwa na bei kubwa asubuhi huongezewa nyanya mbili tatu jioni ili lisilale. Hakuna mtu wa haki anayeuita mwenendo huo ulanguzi. Ni njia ya watu kugawana kitu ambacho kisipotumika leo kitakuwa taka kesho.

Sasa imeingia nchini bidhaa nyingine yenye tabia ile ile ya samaki na nyanya, ila yenyewe haionekani, wala hainuki inapooza. Bidhaa hiyo ni saa ya kompyuta. Watumishi wa umma na walimu wanaitumia kila siku ya kazi, na fedha ya umma inalipa, lakini ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyepanga bei yake na ni nani anayekaa mbele ya foleni yake. Wakati umefika swali hilo liulizwe hadharani.

Kwanza ni vema jambo lenyewe lieleweke. Mwalimu aliyeko Namtumbo anapoingiza alama za wanafunzi katika mfumo, karani wa halmashauri anapotoa namba ya malipo ya Serikali, na mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi anapoilipa namba hiyo kwa simu, kazi kubwa ya hesabu haifanywi ndani ya simu wala ndani ya kompyuta iliyo mezani. Inafanywa na mashine ziitwazo seva, zilizopangwa safu kwa safu katika majengo yenye umeme wa akiba na ubaridi wa kudumu. Wataalamu wameupa utaratibu huo jina la wingu. Jina hilo linapoteza watu. Hakuna wingu lolote. Kuna jengo, kuna mashine, kuna bili ya umeme, na kuna mwenye jengo anayepangisha mashine zake kwa saa au hata kwa sekunde, kama mwenye fremu Kariakoo anavyopangisha kwa mwezi.

Wenye majengo hayo si wa aina moja. Upo umma wenyewe: nchi hii ilijenga Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam, na kwa Sheria ya mwaka 2019 ikaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia matumizi ya teknolojia hiyo katika ofisi zote za umma. Zipo pia kampuni binafsi za hapa nchini. Juu yao wote yapo makampuni makubwa ya Marekani, ambayo majengo yao ya karibu yako Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Kijana anayetengeneza programu ya hesabu za duka katika chumba cha ghorofa ya tatu Kariakoo, mara nyingi ni mpangaji wa mmoja wa hao, ingawa hajawahi kuiona nyumba aliyopanga.

Saa ya seva haiwekwi ghalani. Mashine iliyokaa bila kazi saa tisa usiku imekula umeme, imezeeka kwa saa moja, na saa hiyo hairudi tena. Kwa upande mwingine, siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, watahiniwa, wazazi na walimu wa nchi nzima hugonga mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kununua mashine za kutosha siku hiyo moja ni kuziacha zikisinzia siku nyingine zote za mwaka. Kununua mashine za siku za kawaida tu ni kumfungia mlango mtoto wa mkulima siku anayoihitaji kuliko siku zote. Huo ndio mgogoro wenyewe: kitu kidogo, wahitaji wengi, na haja isiyolingana saa zote.

Wanadamu wamegundua njia tatu za kugawa kitu cha namna hiyo. Ya kwanza ni kibali: mkubwa huamua nani apate. Ya pili ni foleni: hupata aliyetangulia. Ya tatu ni bei: hupata aliye tayari kulipa. Kila njia ina gharama yake, na anayedai kwamba njia yake haina gharama anaficha tu mahali gharama hiyo inapoangukia.

Tanzania ina historia ndefu ya njia mbili za kwanza. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Taifa ya Bei. Nia ilikuwa njema: mwananchi asinyonywe na mlanguzi kwa chumvi, sukari na sabuni. Lakini uzalishaji ulipopungua na fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya sabini, bei ya karatasini ilibaki ndogo na rafu zikabaki tupu. Foleni zikarefuka. Kwenye foleni hizo kukazaliwa bei nyingine isiyoandikwa: bei ya kujuana na mtunza ghala, bei ya kupitia mlango wa nyuma, bei ya siku nzima ya kazi iliyopotea mstarini. Msako dhidi ya wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwakamata watu na kufichua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuweza kuzaa sabuni. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na rafu zikaanza kujaa, ingawa wengi walikuta kilichojaa rafuni kimepita uwezo wa mifuko yao.

Kompyuta zenyewe zina sura yao katika historia hiyo. Ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine kuleta hasara na vurugu ya vitabu, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ruhusa maalumu. Kwa hali ya fedha za kigeni ya wakati ule, uamuzi huo ulikuwa na sababu zake. Hata hivyo, ulifundisha jambo moja lisilofaa kusahauliwa: mahali palipo na kibali peke yake, swali la nani anahitaji zaidi hugeuka kuwa swali la nani anamfahamu mtoa kibali.

Je, basi, kila kitu kiachiwe bei? Wapo wanaosema hivyo, na hutoa mfano wa nchi zilizoendelea. Ni vema mfano huo uangaliwe kwa makini, kwa maana hauthibitishi wanachodhani.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alieleza katika jarida la wanasayansi wa kompyuta jinsi Chuo Kikuu cha Harvard kilivyogawa saa za mashine yake moja iliyoitwa PDP-1. Watumiaji walipewa sarafu za kubuni zilizoitwa yen. Kila mmoja alitaja kiasi cha yen alichokuwa tayari kutoa kwa saa aliyoitaka, na aliyetaja kiasi kikubwa zaidi kwa saa hiyo aliipata. Ulikuwa mnada kamili. Lakini sarafu hizo hazikununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Zilitolewa na chuo, na mradi ulioonekana kuwa na umuhimu mkubwa ulipewa nyingi kuliko mradi mdogo. Tena, saa iliyolipiwa ikishapita, sarafu zilimrudia mwenyewe atumie siku nyingine. Mwanafunzi mwenye yen chache hakufukuzwa mlangoni. Aliweza kufanya kazi yake saa ambazo wakubwa hawakuzigombea. Kwa hiyo chuo kiliamua kwanza kazi ipi ina uzito gani, na baada ya hapo tu bei ikapewa nafasi ya kupanga nani aingie saa ngapi. Wahenga wa Kariakoo wangeielewa hesabu hiyo mara moja: huwezi kuendesha mnada wa haki kama hujajua nani amemgawia mnunuzi mtaji.

Mfano wa pili ni wa wafanyabiashara wenyewe. Amazon, iliyoanza kupangisha mashine mwaka 2006, Desemba 2009 ilianzisha mnada wa saa zilizobaki. Mteja alitaja bei yake ya juu kabisa. Bei ya soko ikiwa chini ya hiyo, mashine zake zilifanya kazi. Ikipanda juu yake, zilizimwa. Baadaye kampuni hiyo iliweka utaratibu wa kumpa mteja taarifa dakika 2 kabla ya kuzima. Punguzo liliweza kufika asilimia 90 ya bei ya kawaida, na watafiti wengi duniani walinufaika kwa kufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Lakini bei ilikuwa ikiruka ghafla kama maji ya bomba lililopasuka, na mwishoni mwa mwaka 2017 Amazon yenyewe iliacha utaratibu wa kutaja bei, ikaweka bei inayopanda na kushuka polepole. Aliyeleta mnada alilazimika kuufunga lijamu. Ikiwa mwenye soko ameona kwamba bei isiyo na breki inamfukuza mteja, ofisi ya umma ina sababu gani ya kuipokea kama ilivyo?

Upo ubaya wa bei peke yake ambao kila mtumishi ataukuta siku ofisi yake itakapoletewa bili. Kwanza ni mifuko isiyolingana. Kampuni ya kamari ya mpira siku ya mechi kubwa inaweza kulipia saa ya seva mara nyingi zaidi ya hospitali ya wilaya. Hiyo haina maana kwamba kamari ina faida kubwa kwa taifa kuliko faili la mama mjamzito. Bei inapima uwezo wa kulipa. Haipimi haja.

Pili ni sarafu. Makampuni makubwa hutoza kwa dola. Mwaka 2023 nchi ilikumbwa na uhaba wa dola, na mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600. Kijana wa Kariakoo anayewatoza wenye maduka kwa shilingi na kulipa kwa dola alijikuta bili yake inapanda bila yeye kutumia hata sekunde moja ya ziada. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza kutaja na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Ni hatua inayofaa, lakini mwenye jengo aliyeko Cape Town hafikiwi na kanuni hizo.

Tatu ni vipimo. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lile gunia lililovimba kichwa ambalo mkulima hulazimika kuliuza kwa bei ya gunia moja. Bili ya wingu nayo ina lumbesa yake. Kuingiza data kwa kawaida ni bure. Kuitoa kuna ada. Kwa hiyo mteja huingia kwa urahisi, na siku akitaka kuhama hukuta mlango wa kutokea una tozo. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kubana tabia hiyo, na katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa. Nchi ambayo haikuuliza swali hilo wakati wa kuandika mkataba hubaki na jibu lililoandikwa na muuzaji.

Nne ni umbali. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ilizikumba nyaya za chini ya bahari za Seacom na EASSy, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Shughuli zilizotegemea seva za ng'ambo zilikwama ilhali umeme upo, wafanyakazi wapo na wateja wapo. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hata kama bei ya ng'ambo ingekuwa ndogo kuliko zote, si kila faili linaruhusiwa kusafiri.

Hayo yote ni hoja za kuimarisha majengo ya umma. Lakini hapo ndipo hatari ya pili ilipo, na ni wajibu wa watumishi kuitazama usoni. Kitu kinachoitwa cha bure ndani ya Serikali hakiwi cha bure. Hulipiwa na mwingine. Ofisi isiyolipia chumba haioni sababu ya kurudisha ufunguo. Mkuu wa idara anapoambiwa aandike mahitaji yake ya seva, na akijua kwamba hatatozwa chochote, ataandika mara mbili ya anachohitaji, kwa kuogopa kwamba mwakani hatapata. Mwenzake wa idara ya pili atafanya vivyo hivyo. Mwishowe kituo kitaonekana kimejaa katika vitabu, huku mashine zinapumzika. Mtu wa tatu aliyekuja na haja ya kweli ataambiwa hakuna nafasi, naye atatafuta kimemo.

Kariakoo inalifahamu tatizo hilo kwa jina la kizimba. Soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa ili muuza mchicha na mnunuzi wake wakutane chini ya paa moja la umma. Lakini yamekuwapo malalamiko ya muda mrefu kwamba mwenye jina katika orodha ya vizimba si lazima awe ndiye anayeuza. Kizimba kikitolewa kwa kodi ndogo kuliko thamani yake, pengo lililobaki halimfikii mnunuzi wa mchicha. Linaingia mfukoni mwa mtu wa kati anayekipangisha upya. Saa za kompyuta za umma zitakuwa na mkondo huo huo kama zitagawiwa kwa orodha bila kipimo: zitapata wenye majina, na wenye kazi watapanga kwa wenye majina.

Kwa hiyo jibu halimo katika kibali peke yake, wala katika bei peke yake. Jibu ni mpango: umma uamue kwanza haki, kisha bei igawe kinachobaki. Jambo hilo si geni hapa nchini. Katika bei za umeme zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo alilipa bei ya juu zaidi kwa zile zilizozidi. Taa ya mtoto anayesoma ililindwa, na kiyoyozi cha mwenye nacho kikalipa gharama yake. LUKU nayo imemfundisha kila mwenye nyumba kuzima taa ya chumba kisicho na mtu. Hakuhitajika mkaguzi wa kumfuata. Ilitosha kwamba anaziona uniti zikipungua.

Kwa saa za kompyuta za umma, mpango wa namna hiyo unahitaji mambo manne.

La kwanza ni fungu la haki. Hospitali, mitihani, malipo ya Serikali, vizazi na vifo, vitambulisho: hizi ni kazi ambazo saa zake zisiwekwe mnadani kamwe. Zitengewe nafasi kwa orodha iliyochapishwa, na ijulikane zinaongezewa kiasi gani siku za matokeo ya mitihani au za mwisho wa mwaka wa fedha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipohesabu njia kuu za uchumi lilitaja umeme, mawasiliano na mabenki, kwa sababu mwenye kuvishika hivyo ameshika koo la wengine. Mashine za kuhifadhi kumbukumbu za taifa hazikutajwa wakati ule, lakini sababu ni ile ile.

La pili ni mita. Kila ofisi ipewe mgao wake wa saa za mashine kwa robo mwaka, na iletewe taarifa ya matumizi kwa shilingi, hata kama malipo ni ya kuandikiana vitabuni tu. Chukua mfano wa idara iliyogawiwa vipimo 100 ikatumia 40. Leo haina sababu ya kusema. Ikiruhusiwa kurudisha 60 zilizobaki na thamani yake ikaandikwa upande wake, itumie wakati wa haja kubwa, itazirudisha yenyewe, kama vile zile yen za Harvard zilivyomrudia mwenyewe. Na kuziuza kwa mtu wa nje iwe ni kosa, ili kisizaliwe kizimba kingine.

La tatu ni saa za jioni, yaani zile nyanya za kuongezea fungu. Saa zinazobaki usiku na siku za mapumziko ziuzwe hadharani kwa bei inayoshuka kadiri zinavyobaki, kwa vyuo, watafiti na vijana wanaotengeneza programu. Umbali mfupi kutoka Kariakoo, katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliwekwa kwa msaada wa India kompyuta kubwa ya utafiti ya aina ya PARAM. Si kwamba nchi hii haijui kazi ya mashine za namna hiyo. Mwanafunzi anayepima mwenendo wa mvua au kuenea kwa malaria hajali hesabu yake ifanyike saa nane mchana au saa nane usiku. Anachojali ni kwamba aweze kuilipia kwa shilingi, na kwamba akitakiwa kupisha kazi ya haki apewe taarifa ya muda wa kutosha kuhifadhi alichokifanya. Dakika 2 za Amazon ni chache mno kwa mwanafunzi ambaye mtandao wake unasuasua.

La nne ni uwazi. Bei zote zibandikwe mahali zinapoweza kusomwa, zihesabiwe kwa kipimo kimoja bila lumbesa, na ziwe sawa kwa wote wa daraja moja la kazi, awe ni wizara kubwa au chuo kidogo cha ualimu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aweze kuona nani alipewa nini, nani alitumia, na nani aliruka foleni kwa amri ya nani. Bei iliyofichwa na kibali kilichofichwa ni ndugu wa baba mmoja.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. Wako watakaosema kwamba ni mzaha Serikali kujiuzia yenyewe, kwa kuwa fedha inatoka mfuko mmoja na kurudi mfuko ule ule. Ni kweli kwamba mfuko ni mmoja. Lakini mikono inayoingia ndani yake ni mingi, na mkono usioona hesabu huchota bila kujua. Hesabu ya vitabuni haimtajirishi mtu. Inamfanya mtumishi aone kwamba mashine anayoishikilia bure imemnyima mwenzake.

Wengine watasema kwamba majengo ya ng'ambo ni makubwa, yana ujuzi mwingi, na kwa kazi nyingi ni nafuu. Basi yote yapelekwe huko. Hoja hiyo ina ukweli wake, na kwa kijana anayeanza na mtaji wa shilingi chache, mlango huo usifungwe. Marufuku ya mwaka 1974 inatosha kuwa funzo. Lakini taifa lisilo na jengo lake lolote halina bei ya kulinganisha, na mnunuzi asiye na pa kwenda kwingine hapangi bei, hupangiwa. Kuwa na kituo kinachofanya kazi vizuri nyumbani ni njia ya kununua vizuri hata kwa mgeni. Na kituo kisichojua gharama ya saa yake moja hakiwezi kusema kama mgeni ni ghali au ni rahisi.

Yote haya hayatatimizwa na wataalamu wa kompyuta pekee. Yanaanza katika meza ya mtumishi anayejaza fomu ya mahitaji, atakapoandika anachohitaji badala ya anachoogopa kukosa. Yanaanza kwa afisa mipango atakayeepuka kuweka kazi nzito ya mishahara siku ile ile watoto wanaposubiri matokeo. Yanaanza kwa mwalimu wa hisabati au wa uraia atakayewaeleza wanafunzi kwamba wingu si muujiza, bali ni mashine yenye mwenyewe, inayokula umeme na yenye foleni mlangoni, na kwamba kupanga foleni hiyo ni kazi ya raia.

Vizazi vilivyopita vilijifunza kwa machungu kwamba bei ndogo isiyo na bidhaa ni ahadi hewa, na kwamba bidhaa nyingi isiyonunulika ni dhihaka. Wanaopanga leo ugawaji wa mashine za umma hawana haja ya kurudia makosa hayo yote mawili. Mamlaka zinazohusika zitangaze fungu la haki, zifunge mita, na zibandike bei. Mtahiniwa wa kidato cha nne atakayefungua ukurasa wa matokeo hatajua kwamba pamekuwapo na mpango wowote. Ataona tu kwamba ukurasa umefunguka.